Fahrenheit 451, 1984 au La Vie et demie: kikundi cha kusoma Lubumbashi kianze na kipi?

Kikundi chetu cha kusoma, huku Katuba, kina mchango unaotosha kununua nakala chache za riwaya moja na kuzipitisha mkono kwa mkono hadi kila mtu amalize. Wengi ni wanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari. Wamo pia walimu wawili watatu, fundi wa simu, na mama mmoja muuza vitenge ambaye anasoma kutushinda wote. Wameomba riwaya ya mambo ya kubuni ya kesho, yenye kuonya juu ya serikali inayovuka mpaka wake na kuwaziba watu midomo. Majina yaliyotajwa ni manne: 1984 cha George Orwell, Fahrenheit 451 cha Ray Bradbury, Nous autres cha Yevgeny Zamyatin na La Vie et demie cha Sony Labou Tansi. Mimi nimeongeza la tano, Kusadikika cha Shaaban Robert. Naandika ulinganisho huu pia kwa yeyote mwenye kikundi kama chetu, awe Ruashi, Likasi au Kolwezi, anayetafuta pa kuanzia.

Vitabu vya namna hii hupimwa sana kwa ubashiri: nani aliona kamera mapema, nani alitabiri televisheni kubwa za ukutani. Kipimo hicho hakinisaidii kuchagua. Mimi nauliza kitabu kinamketisha msomaji kwenye kiti cha nani. Kunyamazisha watu ni kazi, na kazi ina wafanyakazi: wa kuandika, wa kupiga muhuri, wa kuchoma, wa kuzima. Winston Smith wa 1984 ni karani. Guy Montag wa Fahrenheit 451 ni mzimamoto. D-503 wa Nous autres ni injinia. Watatu hawa wanakula mshahara wa mashine ile ile inayowabana. Sony na Shaaban Robert wanakaa upande wa pili, upande wa aliyekataa: mhusika wa mmoja anachinjwa asife, wa mwingine anasimama kizimbani.

Tofauti hiyo kwangu ni kubwa kuliko ya miaka au ya lugha. Wengi wetu hatutaitwa kuwa mashujaa wa kizimbani. Lakini karibu kila kijana wa kikundi chetu, siku moja, akiwa ofisini, shuleni, kituo cha redio au kwenye kampuni ya simu, ataletewa karatasi na kuambiwa: sahihisha hapa, ondoa jina hili, zima ile.

Kiti cha karani

1984 kilitoka Juni 1949, na Orwell alikufa Januari iliyofuata, akiwa na miaka 46. Watu wanakijua kwa uso wa Big Brother, kiongozi wa nchi ile ya kubuni, na televisheni inayomtazama mtu hata chumbani mwake. Hiyo siyo sehemu inayotuuma sisi zaidi. Wazee wetu wanakumbuka habari za jioni zikianza kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni, lakini ile televisheni ilisema tu, haikuona. Macho yalikuwa ya watu: jirani, mwenzako kazini, kijana wa chama.

Kinachouma ni ofisi. Winston anakaa mezani katika Wizara ya Kweli. Analetewa gazeti la zamani lenye ahadi ambayo serikali haikutimiza, naye analiandika upya ili ionekane ahadi haikutolewa kamwe. Nakala ya kwanza inatupwa kwenye tundu la ukutani na kwenda kuungua. Na Winston ni fundi mzuri wa kazi hiyo. Anachukia utawala, lakini kazi yenyewe inampa raha kuliko kitu kingine maishani mwake. Orwell hakuhitaji kumfanya mtu mbaya ili atuonyeshe jinsi uongo unavyotengenezwa.

Kama ningeruhusiwa kusomesha kurasa mbili tu za kitabu hiki, ningechagua zile za chokoleti. Wizara iliahidi kwamba mgao hautapunguzwa. Ukapunguzwa, kutoka gramu 30 hadi 20. Siku ya pili yake televisheni inatangaza kwamba watu wameandamana kumshukuru Big Brother kwa kuupandisha hadi gramu 20 kwa wiki. Winston anawatazama wenzake kantini na kuona kwamba wamekubali.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa kurasa hizo. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 nje ya mji huu, ulipokuwa bado Élisabethville. Mobutu, ambaye askari wake ndio walimkamata, alimtangaza shujaa wa taifa Juni 1966. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na wazazi wetu wakaandikishwa upya. Katanga ikageuzwa Shaba mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997. Kila mara walihitajika makarani wa kusahihisha ramani, kubadilisha vitabu vya shule, kupiga mihuri mipya juu ya vyeti vya zamani. Walikuwa watu wenye watoto wa kulisha, na sitaki kikundi kiwahukumu haraka. Nataka kiwaone.

Kuna pia usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, kwenye kampusi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wiki tatu zilikuwa hazijatimia tangu Mobutu atangaze, tarehe 24 Aprili, mwisho wa chama kimoja. Umeme ulikatwa, wanafunzi wakashambuliwa katika majumba yao ya kulala. Serikali ilitoa hesabu ndogo mno ya waliokufa. Wengine walitaja makumi, wengine mamia. Mobutu alikataa uchunguzi wa kimataifa, na mpaka leo hakuna hesabu ambayo wote wanaikubali. Ndani ya 1984 kuna Syme, mfanyakazi mwenzake Winston, anayetoweka asubuhi moja. Hakuna tangazo. Orodha ya wanakamati wa klabu ya sataranji iko ukutani kama jana, ila imepungua jina moja. Nikifika hapo nawaza orodha za vyumba vya kampusi mwaka ule.

Mji huu una mtu wa kuwekwa mezani kando ya Winston. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa, kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima katika picha zaidi ya mia moja. Alizieleza moja moja, kwa Kiswahili chetu, mbele ya mashine ya kurekodi ya Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyekuwa akifundisha hapa chuo kikuu. Alichora alivyoijua yeye, siyo kama chama kilivyotaka ijulikane. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipotea, na haikujulikana aliishia wapi. Picha zile na maneno yake vilichapishwa pamoja mwaka 1996. Mwenye kuongoza kikundi akipata hata nakala za picha chache za Tshibumba, azilete siku ya mjadala. Winston anafuta kwa mshahara, Tshibumba anachora kwa pesa ya kula, na wote wawili wanashika kitu kimoja: jana ya watu.

Ubaya wa 1984 ni nini? Katikati ya kitabu kuna kitabu kingine, maelezo marefu ya siasa za ulimwengu ule, na msomaji mgeni huchokea hapo. Mwambieni anaweza kuruka, atarudi baadaye. La pili ni zito zaidi. Mwisho wake unamponda mtu kabisa, na nimeona vijana wakikifunga wakisema kwamba basi, hakuna la kufanya. Kwa hiyo wasiruke kiambatisho cha mwisho juu ya lugha ya utawala ule. Kimeandikwa kama mtu anayeeleza jambo lililokwisha pita, na ndani yake kuna dalili kwamba mashine yenyewe haikudumu. Nusu ya saa ya mjadala juu ya kiambatisho inaokoa kitabu kizima.

Kwa Kifaransa mna tafsiri ya Amélie Audiberti ya mwaka 1950 na ile ya Josée Kamoun ya 2018. Ya pili inasimulia kwa wakati uliopo na inakwenda mbio zaidi. Kwa vijana ningetafuta hiyo. Na nunueni karatasi, msitegemee simu peke yake: Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kwa mbali nakala za 1984 zilizokuwa tayari ndani ya vifaa vya wateja walioinunua, kwa sababu ya ugomvi wa haki za uchapishaji. Iliomba radhi baadaye, lakini uwezo wenyewe ulikwisha onekana.

Kiti cha mchomaji

Fahrenheit 451, cha mwaka 1953, ni kifupi. Msomaji wa kawaida anakimaliza kwa juma moja, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo umeme unakuja ukipenda. Bradbury aliandika toleo lake la kwanza ndani ya maktaba ya chuo kikuu mjini Los Angeles, kwa mashine ya kuandikia ya kukodi, senti 10 kwa nusu saa, na jumla alilipa dola 9.80. Riwaya inayopigania maktaba ilizaliwa ndani ya maktaba.

Montag ni mzimamoto katika ulimwengu ambamo wazimamoto wanachoma vitabu. Siku moja mwanamke mzee anakataa kuacha vitabu vyake na anawasha kiberiti mwenyewe, anaungua navyo. Montag anarudi nyumbani mgonjwa. Mke wake, Mildred, hana muda naye. Ana skrini kuta tatu, anaitaka ya nne, na masikioni ana vidude vidogo vinavyomwimbia usiku kucha.

Kuna pingamizi ambalo mwalimu mwenzangu analirudia: Lubumbashi hakuna haja ya kuchoma vitabu, maana havipo. Riwaya moja mpya dukani inaweza kula mshahara wa siku nyingi za mwalimu. Anasema kweli, na mwenye kuchagua kitabu hiki ajiandae kwa hoja hiyo. Lakini ndiyo maana hotuba ya Kapteni Beatty, mkuu wa Montag, ni ya lazima kwetu. Beatty anaeleza kwamba kazi haikuanzia serikalini. Watu wenyewe walianza kutaka vitabu vifupishwe, visimkere yeyote, visichukue muda. Moto ulikuja mwisho, kufagia kilichokuwa kimekwisha achwa. Serikali ikitaka kuvuka mpaka wake inatafuta kwanza mahali ambapo hakuna anayelinda.

Na upo moto usio na kiberiti. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, ikarudi tarehe 19 Januari 2019. Amri ilitoka juu, lakini mtandao haujizimi. Katika kila kampuni kuna mtu aliyekaa mbele ya skrini akatekeleza. Septemba 2015 filamu juu ya daktari Denis Mukwege wa Bukavu ilikatazwa kuonyeshwa nchini, na katazo likaondolewa mwezi uliofuata. Novemba 2021 kamati ya taifa inayochuja nyimbo ilipiga marufuku wimbo wa vijana wa kundi la MPR la Kinshasa, kisha ikarudi nyuma baada ya watu kupaza sauti. Haya ni mambo ambayo kijana wa kikundi chetu aliyaona kwa macho yake, kwenye simu yake. Mwombeni amtafute Montag ndani yake: nani alipewa amri, na alikuwa na nafasi gani ya kusema hapana?

Bradbury mwenyewe alipatwa. Kuanzia mwaka 1967 mchapishaji wake alitoa toleo la shule ambamo sehemu zipatazo 75 zilikuwa zimebadilishwa kimyakimya, matusi yametolewa, bila mwandishi kujua. Aligundua miaka zaidi ya kumi baadaye, akalazimisha maneno yake yarudishwe. Riwaya juu ya kuchuja vitabu ilichujwa kwa nia njema, ili watoto wasiharibike. Sisi walimu tuliseme hili darasani, kwa sababu mkono wetu pia upo.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayonifanya nikiweke kitabu hiki mbele ya 1984 kwa vijana. Montag anakimbilia porini na kukuta watu waliohifadhi vitabu vichwani, kila mtu na kitabu chake, wakingoja siku ya kuviandika tena. Katika Katanga hii wazo hilo lina wazee. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mbao uliopambwa kwa shanga, na watu wa chama cha Mbudye walifunzwa hadi wakaweza kuusoma kwa vidole na kusimulia wafalme, safari na mipaka ya nchi. Msomaji wa Paris anaweza kuliona lile pori la Bradbury kuwa ndoto nzuri. Hapa kuna familia ambazo babu zao walifanya kazi hiyo.

Hasara yake ni kwamba serikali yenyewe ndani ya Fahrenheit 451 haionekani vizuri. Hujui nani anatawala, kwa sheria gani, kwa faida ya nani. Ukitaka kuelewa utawala unavyofanya kazi, rudi kwa Orwell.

Nous autres, kwa ufupi

Zamyatin aliandika mwaka 1920 na 1921, kabla ya wote hawa. Nyumba ni za kioo, mapazia yanashushwa kwa tiketi na kwa saa maalumu, kiongozi anachaguliwa kila mwaka kwa kauli moja, na mwishoni serikali inagundua upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza mambo yasiyokuwapo. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924. Kwao Urusi kilichapishwa mwaka 1988. Mwandishi alimwandikia Stalin mwaka 1931 akiomba kuondoka, akaruhusiwa, akafia Paris mwaka 1937. Orwell alikisoma kwa tafsiri ya Kifaransa kabla ya kuandika 1984, kwa hiyo mtakisoma katika lugha ile ile aliyokisoma yeye. Namheshimu sana Zamyatin, lakini sentensi zake zinakatika katika, hesabu zimejaa, na kikundi cha kwanza kitapoteza watu njiani. Kiwe kitabu cha tatu au cha nne.

Upande wa aliyekataa

La Vie et demie ni cha mwaka 1979. Sony Labou Tansi alizaliwa mwaka 1947 upande wetu wa mto Kongo na akaishi ng'ambo, Brazzaville, hadi kifo chake mwaka 1995. Nchi yake ya kubuni inaitwa Katamalanasie. Kiongozi wake anaitwa Guide Providentiel, na anamkatakata mpinzani, Martial, mezani wakati wa chakula. Martial hafi. Nusu ya mwili wake inabaki hewani ikisema kwamba haitaki kufa kifo hiki. Baadaye maneno hayo yanaandikwa kwenye milango ya mji mzima, na utawala unahangaika kuyafuta. Kuelekea mwisho riwaya inaingia kabisa katika sayansi ya kubuni: vita, silaha za mainzi, majimbo yanayoteketea.

Kwa upande wa lugha na wa nchi, hakuna kinachotukaribia kama hiki. Ukikisoma unatambua mavazi, karamu, nyimbo za kusifu, mawaziri wanaobadilishwa kama viatu. Na kinasema jambo ambalo Orwell hakulisema: kwamba mfu aliyenyimwa kifo cha haki anaweza kuwashinda walio hai wenye bunduki. Lakini nina masharti mawili. Kina ukatili na unyanyasaji wa wanawake kurasa nyingi, na katika nchi hii kuna watu ndani ya kikundi ambao mambo hayo yaliwapata. Msikichague bila kuwauliza kwanza, faraghani. Tena si cha watoto wa sekondari. Kwa kikundi cha watu wazima walio tayari, kinaweza kuwa cha kwanza bila shaka yoyote.

Kusadikika, cha mwaka 1951, ni kidogo, na ndicho pekee kilichoandikwa moja kwa moja katika Kiswahili. Nchi inaelea angani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kufaa nchi yao na kufungwa gerezani kwa malipo. Kiliandikwa chini ya ukoloni wa Waingereza, na Shaaban Robert aliliweka jambo angani ili lipite mbele ya macho ya wenye mamlaka. Hakina mashine, hakina roboti, na kijana aliyekuja kwa ajili ya sayansi ya kubuni anaweza kulalamika. Kiswahili chake ni cha pwani na cha zamani, kitawapa kazi watu wa hapa. Bado nakitaka, kwa sababu moja: kinaonyesha mshtakiwa akipewa nafasi ya kusema hadi mwisho na mfalme akisikiliza hadi mwisho. Vitabu vile vingine vinne havina mahakama ya namna hiyo.

Ningechagua hivi

Kwa kikundi cha vijana, au kikundi kipya cha watu waliochoka na kazi: Fahrenheit 451, bila kusita. Kwa walimu, waandishi wa habari, wafanyakazi wa serikali, wanafunzi wa sheria: 1984, pamoja na picha za Tshibumba. Kwa wasomaji wazima waliokubaliana wote: La Vie et demie. Wasiosoma Kifaransa kwa urahisi wasiachwe nje. Waanze na Kusadikika, na wafanyabiashara wanaokwenda Dar es Salaam wanaweza kuagizwa, maana Tanzania kimekuwa kitabu cha shule kwa miaka mingi. Wapo pia wanaoweza kuongeza Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya riwaya nyingine ya Orwell, ingawa ile ni hekaya ya wanyama na haimo katika ombi la vijana wangu.

Sisi Katuba tutaanza na Fahrenheit 451 mvua zikianza, kisha 1984 baada ya Pasaka. Kila msomaji atachagua kurasa mbili za Bradbury na kuzishika kichwani, azitoe mbele ya wengine kwa Kiswahili, kwa maneno yake. Mama muuza vitenge amekwisha chagua zake: anataka zile za mwanamke mzee na kiberiti.